Ua wa Miiba Kati Yetu na Baba Mdogo

Mbuzi wa baba mdogo alikufa ndani ya miiba yetu, na mguu wake wa nyuma tukaletewa sisi tuule.

Ilikuwa mwaka wa kwanza tangu nirudi nyumbani. Nilikuwa nimefunga saluni yangu kule Mlolongo kwa sababu magoti yalikataa kusimama tena kutwa nzima, na mama yangu alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki. Nyumbani kwetu ni kwenye mteremko wa vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos. Nyumba iko karibu na barabara, mahindi na maharagwe yako nyuma ya nyumba, na chini ya mahindi kuna msitu wetu mdogo wa mikuyu na migrevilea unaoteremka hadi bondeni kwenye chemchemi. Ng'ambo ya msitu huo ndiko anakoishi baba mdogo, ndugu ya baba yangu wa tumbo moja, pamoja na mkewe. Ukisimama uani kwetu unaona moshi wa jiko lao. Lakini kufika kwao ilibidi upande hadi barabarani, uzunguke kilima, uteremke tena upande wa pili, kwa kuwa kati yetu kulikuwa na miiba.

Miiba yenyewe haikuwa ya kwetu asili. Ni ule mmea wa kutambaa wenye maua ya manjano ambao watu hupanda kuwa ua, na miiba yake imepinda kama kucha za paka, kwa hiyo ukiingia haikuchomi tu, inakushika. Ukivuta mkono mbele inakamata nguo nyuma. Ua wa zamani ulikuwa umetoka kwenye mpaka, ukaingia msituni, ukapanda juu ya migrevilea hadi kwenye vilele, na matawi mengine yalikuwa yameshavunjika kwa uzito. Mimi sikuona ubaya wowote. Maua yalipochanua niliyapiga picha nikawatumia wateja wangu wa zamani, nikawaandikia kwamba huo ndio msitu wangu.

Mbuzi nilimsikia. Nilikuwa nimekaa uani nikipembua maharagwe, redio ikiimba, na kule chini kulikuwa na mbuzi anayelia. Nilidhani amefungwa mahali na anataka maji, nikaongeza sauti ya redio. Alasiri kilio kikakoma.

Kesho yake mama mdogo akaja kwa njia ya barabara, amebeba beseni lililofunikwa kitambaa. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi, na tangu utoto wangu alikuwa akija kwetu kwa nadra, kwenye matanga au harusi tu. Sisi watoto tulilelewa tukijua kwamba watu wa baba mdogo wana maringo. Hakuna aliyetuambia hivyo waziwazi. Tulilipata hewani, jinsi watoto wanavyopata mambo. Alisalimia, akakataa kukaa, akasema mbuzi wao alinaswa kwenye miiba, baba mdogo akamkuta bado anapumua, akamchinja palepale.

"Alikuwa mnono," akaniambia. "Tumeona asioze bure."

Hakusema miiba ni ya nani. Akaniachia beseni, akarudi alikotoka, na mimi nikabaki mlangoni nikiwaza jinsi ya kuomba msamaha huku mgongo wake ukipotea barabarani. Usiku tulipika ile nyama. Mama yangu hakula; alisema meno yanamsumbua. Mimi nilikula, na kila tonge lilikuwa kama nimeliiba.

Ndipo nilipoamua kuing'oa miiba yote. Nilimwambia mama asubuhi, nikitarajia afurahi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, shuka begani. Akauliza kwa nini. Nikamweleza habari ya mbuzi kana kwamba hakuwepo, nikaongeza habari ya migrevilea inayovunjika, na kwamba ni aibu kuwa na kitu kinachoua mifugo ya watu.

"Wacha huo ua ulivyo," akasema.

Nilidhani ni uzee. Nilidhani anaogopa wezi. Nilimwambia kwa sauti ile tunayotumia kwa wazee tukifikiri hawaelewi, kwamba nitaweka waya badala yake. Siku zile zote nilizokuwa nikifanya kazi msituni hakuuliza hata mara moja nimefika wapi.

Nilinunua glavu za ngozi, panga jipya na mtaimbo mjini, nikavaa gambuti za marehemu baba na koti lake la kaki. Mwanzoni nilifanya ujinga. Nilifyeka juu juu tu, nikaona mwanga, nikajisifu, na mvua ya kwanza ilipopiga visiki vikachipua kwa nguvu kuliko mwanzo. Nikaanza upya. Nikajifunza kukata shina vipande vifupi na kuviteremsha kwa kigoe kutoka mitini, kuvisogeza mahali peupe, kisha kuchimba shina lenyewe kwa mtaimbo hadi mzizi utoke wote. Maganda ya mbegu niliyaokota moja moja kabla hayajapasuka, nikayatia kwenye gunia ili niyachome. Jioni nilikuwa nikioga kwa maji ya chumvi, nikipiga kelele bafuni peke yangu. Mikono yangu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya kusuka nywele za maharusi, ilionekana kama ya mtu aliyepigana na chui.

Siku moja nikiwa katikati ya kazi nikasikia panga lingine. Lilikuwa upande wa pili, ndani ya miiba, likikata polepole. Nikasimama nikasikiliza. Nilipoita, baba mdogo akaitika. Hakueleza kwa nini amekuja, wala mimi sikuuliza. Ni mtu aliyepita miaka sabini, mwembamba, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Tukaendelea kukata, yeye kutoka kwao, mimi kutoka kwetu, hatuonani, kila mmoja akisikia panga la mwenzake. Kesho yake akaja tena. Ikawa ndiyo kazi yetu. Wakati wa kupumzika tulizungumza kupitia ukuta wa miiba: bei ya mbegu, mvua, mbunge, kama mama anakula vizuri. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya mbuzi, na yeye akasema mbuzi ni mbuzi.

Nakumbuka nilifurahi siku zile. Nilijiona mtu mwema. Nilijiambia kwamba kwa miaka yote hii watu wa nyumba hizi mbili walikosa tu mtu wa kuanza, na huyo mtu nimekuwa mimi, mtoto wa kike aliyerudi kutoka Mlolongo na panga jipya.

Tulikutana katikati asubuhi moja yenye ukungu. Shina la mwisho lilikuwa nene kama paja, na tulilizungukia wote wawili, yeye akishika mtaimbo, mimi nikivuta. Lilipong'oka, udongo ulimomonyoka, na chini ya majani yaliyooza tukaona jiwe bapa. Chini yake kulikuwa na lingine. Nilifagia kwa mkono nikaona ni ngazi: mawe yaliyopangwa na watu, yanateremka kutoka upande wa baba mdogo, yanapita kwenye msitu wetu, yanaelekea moja kwa moja kwenye chemchemi.

Baba mdogo alivua kofia yake akakaa kwenye jiwe.

"Haya tuliyaweka na baba yako," akasema. "Tulikuwa vijana. Mama yetu alikuwa anateleza akienda maji."

Nilisisimka. Hakuna neno lingine. Niliona njia yote kichwani mwangu, nikaona watu wakipita, nikaona mama yangu na mama mdogo wakitembeleana bila kuzunguka kilima. Nikasema nimwite mama mdogo aje aone. Baba mdogo akasema nimwache, yuko na kazi zake. Alisema kwa upole sana, na mimi sikusikia kilichokuwa ndani ya upole huo. Nilikuwa tayari nimeanza kupanda ngazi nikiita.

Mama mdogo alitoka jikoni, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Akaja hadi jiwe la juu kabisa, akasimama hapo. Mimi nilikuwa chini yake, koti la marehemu baba limeraruka mabega, nimejaa majani kichwani, nikicheka. Nikamwambia njia yao imefunguka. Nikamwonyesha chemchemi kwa panga. Nikamwambia sasa wanaweza kupita hapa kwenda maji wakati wowote, wasisumbuke tena kuzunguka, ni kama hatua chache tu. Nilisema kwa moyo wa kupeana, kama mtu anayemkabidhi mwenzake zawadi.

Aliangalia yale mawe, moja baada ya lingine, hadi kule chini. Hakukunja uso. Akapangusa unga kwenye kanga.

"Sasa niko na tangi," akasema.

Akarudi jikoni kwake.

Nilibaki nimeshika panga. Baba mdogo alikuwa bado amekaa kwenye jiwe lake, kofia mkononi, anaangalia mahali pengine. Nilimuuliza nimekosea nini. Akaigeuza kofia mikononi.

"Muulize mama yako," akasema mwishowe. "Mimi nilishakubali kutolizungumza."

Nilimkuta mama jikoni akipukuchua mahindi. Nilikaa chini bila kuvua gambuti, nikamwambia tumefika kwenye mawe. Vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea.

Alinieleza huku akipukuchua. Baba yangu na baba mdogo walikosana mwaka shamba la babu lilipogawanywa. Mbele ya wazee na majirani, baba mdogo alisema kaka yake amesogeza jiwe la mpaka. Mama alisema hajui kama ni kweli. Anachojua ni kwamba baba yangu alirudi nyumbani siku hiyo hawezi kula wala kumtazama mtu. Chemchemi iliangukia upande wetu. Baba hakumkataza mtu kuchota, maana kumnyima mtu maji ni laana na kila mtu anajua. Alisema tu kwamba anapanda ua, kila mtu hupanda ua. Na mmea alioutaka ni ule usiopitika.

"Lakini yeye alikuwa anaenda kazini," mama akasema. "Mbegu nilizipanda mimi."

Alizipata kwa mwanamke fulani sokoni. Kwanza alizikwaruza kwenye jiwe, akaziloweka kwenye maji ya moto ili ziote upesi, akazipanda wakati wa mvua, na kiangazi akazimwagilia maji ya ile chemchemi yenyewe. Muda si mrefu njia ikafungika. Mama mdogo akaanza kuchota mtoni, kule ng'ambo ya kilima, kwa njia ya barabara. Alikuwa na mimba. Barabara wakati huo haikuwa na lami, na pale penye mteremko mkali aliteleza na mtungi mgongoni. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akakaa na pumzi kidogo, akafa.

Mimi nilikuwa mtoto wa kunyonya mgongoni kwa mama wakati huo. Nilikuwa nimebebwa, nimeshiba, napelekwa kwenye chemchemi kila asubuhi kupitia kivuli cha mikuyu.

Nilimuuliza mama kama alienda kumpa pole. Akasema alienda na wanawake wa kanisa, akakaa nyuma, akaimba pamoja nao. Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia. Akasema alimwambia padre.

"Padre alinisamehe," mama akasema. "Lakini padre hakuwa anachota maji."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, kwa kuwa kila hasira niliyoinua ilinirudia mimi. Nilifikiria yale maneno tuliyokuwa tukisema juu ya maringo ya mama mdogo. Nilifikiria mguu wa mbuzi. Nilifikiria jinsi nilivyosimama kwenye mawe yale na panga, nimevaa koti la baba, nikimkaribisha kwenye maji yake mwenyewe. Uso wangu ulikuwa moto kama nimeinamia jiko. Kilichonitia aibu zaidi ni kuelewa kwamba kila mtu katika nyumba zile mbili alikuwa anajua, na walikuwa wameniacha nifurahi.

Siku zilizofuata sikushuka msituni. Miiba iliyokatwa ikakauka, na baba mdogo peke yake ndiye aliyeichoma mahali peupe, kidogo kidogo, na ndoo ya maji kando. Niliona moshi nikajificha ndani ya nyumba kama mtoto.

Mama ndiye aliyesema twende. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, bado amevaa gauni lake zuri na kitambaa cha kichwa. Nilidhani tutapita barabarani, lakini alishika mkono wangu akageukia shambani, na tukateremka kati ya mahindi, tukaingia msituni. Kwenye mawe alisimama kila hatua. Miguu yake haikuwa imekanyaga pale tangu nilipokuwa wa kubebwa. Mimi nilimshika kiunoni nikimwombea asianguke, na pia, nakiri, nikiomba tusiwakute nyumbani.

Tuliwakuta. Baba mdogo alipotuona tukitokea chini, aliinuka, akatusalimu, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Mama mdogo akatuwekea viti jikoni, akachochea moto, akaweka sufuria ya chai. Wakazungumza habari za misa, nani alikosa kuja, mahubiri yalikuwa marefu. Nilianza kufikiri kwamba hakuna litakalosemwa, na nikaona afueni, na nikaona aibu kwa kuona afueni.

Kisha mama akasema, bila kuinua kichwa, "Zile mbegu nilizipanda mimi. Si yeye. Mimi."

Mama mdogo alikuwa akimimina maziwa. Aliendelea kuyamimina hadi yakatosha, akarudisha kibuyu mahali pake.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa nimesimama kwa huu mlango. Ulikuwa umebeba mtoto."

Akanitazama. Ni mara hiyo moja tu aliponitazama, na hakukuwa na ukali ndani yake, ila nilitamani ungekuwepo. Mama yangu alianza kulia bila sauti, machozi yanashuka kwenye mikunjo yake na hayafuti. Aliuliza kama yule aliyekufa alikuwa mvulana au msichana. Miaka yote ile hakuwa anajua hata hilo.

"Msichana," mama mdogo akasema. "Angekuwa rika moja na huyu."

Hakusema amesamehe. Wala hakusema hajasamehe. Alimimina chai, akauliza mama anatumia sukari kiasi gani, kwa maana hawakuwa wamekunywa chai pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba hakujua. Mama akasema kijiko kimoja. Tukanywa. Mwishowe mama mdogo akamshika mama mkono kumsaidia kuinuka, kwa sababu kiti kilikuwa cha chini, na akaushikilia ule mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Labda ni mimi niliyetaka kuona hivyo.

Mama hajabadilika sana tangu siku ile, ila analala mchana, jambo ambalo zamani hakuliweza. Kuna wiki anamtuma mtu awapelekee maparachichi, na kuna wiki mama mdogo anatuma maziwa. Kanisani wanakaa benchi moja. Watu wa jumuiya yetu ya kanisa waliona msitu wetu umefunguka, wakanisifu, na mwenyekiti akaniomba niwaeleze akina mama jinsi ya kuung'oa mwiba ule, kwa kuwa wengi unawasumbua. Nilisimama mbele yao nikazungumza juu ya glavu, mtaimbo, na kuokota maganda kabla hayajapasuka. Mama mdogo alikuwa mstari wa pili, anasikiliza kama wengine. Mwanamke mmoja akauliza ni nani aliyeupanda kwetu. Nikasema sijui, ni wa zamani. Mama mdogo akainamisha macho, na mimi nikaketi kabla sijamaliza nilichokuwa nimepanga kusema.

Miche bado inaota kila mvua ikinyesha. Mbegu zile zinakaa udongoni miaka na miaka. Mimi na baba mdogo tunashuka pamoja na kuing'oa ingali laini, na siku hizi tunacheka kidogo. Migrevilea imeanza kunyooka. Baba mdogo anapita kwenye mawe akija kwetu, mbuzi wake wanapita, majirani wameanza kupita, hata mama kwa fimbo yake anashuka hadi nusu njia akitaka kuona ndege.

Mama mdogo hajawahi kupita. Akija kwetu anapanda hadi barabarani, anazunguka kilima chote, anafika akihema, anakaa uani kwanza ili pumzi irudi. Mara ya kwanza nilimkumbusha kwamba kuna njia fupi. Akasema anajua. Mimi nimeacha kumwambia. Nikimwona anatokea barabarani naweka kiti kivulini, nachota maji ya kunywa, namngojea afike.